Bi Kavu na Mti wa Kengele

Kazi yangu ni kunoa misumeno, na kwa kuwa misumeno haitembei, mimi ndiye ninayeifuata. Nina begi la tupa, kigoda cha kukalia, na miguu miwili ambayo mmoja wake siku hizi hunisikiliza ukipenda. Nimepita kwenye viwanja vingi vya mbao, na wapasuaji wengi nimewasahau kama wao walivyonisahau mimi. Lakini yule mwanamke wa uwanja wa kuni, kwenye njia ya kwenda shule, nataka habari zake ziandikwe macho yangu yangali yanaona mstari.

Watu humwita Bi Kavu. Usije ukadhani ni mkavu wa roho, maana anacheka hata na mbwa wa jirani. Jina lilitokana na kuni zake. Alikuwa hauzi kuni mbichi, hata umwimbie. Anachukua vipande viwili, anavigonganisha karibu na sikio. Vikilia kang', anakufungia mzigo wako. Vikisema du, anavirudisha kwenye rundo.

"Hizi bado. Njoo Alhamisi ya wiki ijayo."

"Jamani dada, nimekuja kununua kuni, sikuja kuposa. Mbona unanipangia tarehe?"

"Ukiziwasha hizi utalia machozi nyumba nzima, halafu mumeo aje aniulize nimekufanya nini."

Wateja walinung'unika wakaondoka, na Alhamisi ile ile wakarudi. Uwanja wake ulikuwa mdogo: kibanda cha mabati, gogo la kupasulia lililochakaa katikati kama kiti cha mzee, na kuni zimepangwa kwa kupishana, upepo upite katikati. Mumewe alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, na siku alizolala nyumbani kwa mwezi ungeweza kuzihesabu kwa vidole ukabakiwa na vidole. Kwa hiyo pale uwanjani walikuwa wanawake watatu: yeye, wifi yake, ambaye ni dada mdogo wa mumewe na mdomo wake hauna breki, na mama mkwe wake, ambaye ndiye mama mzazi wa huyo wifi, bibi aliyekaa mlangoni akichambua magome ya kuwashia moto na kumkosoa kila mtu.

Miaka kadhaa baadaye Bi Kavu alinunua mashine ya kupasulia mbao kwa mzee mmoja aliyekuwa anaacha kazi. Injini ya dizeli inayokohoa kabla ya kunguruma, meza ya chuma, mkanda, na sahani moja ya msumeno yenye meno arobaini. Moja tu, hakuwa na nyingine. Alianza kwa kupasua mabanzi, yale mapande ya nje yenye magome ambayo viwanja vikubwa huyatupa, akitoa vibao vya masanduku ya matunda. Hapo ndipo nilipoanza kupita kwake, kila mwezi mara mbili, kumnolea.

Sasa, kule mtaa wa mbao palikuwa na bwana mmoja aliyeitwa Injinia. Shule ya uinjinia hakuiona hata kwa mbali, lakini alikuwa na mashine ya msumeno wa bendi, ule wa ukanda mrefu wa chuma wenye meno, iliyoupita mlango kwa urefu, na kalamu haikuondoka mfukoni mwa shati lake. Huyo alipenda kusema, "Yule mama? Yule ni muuza kuni aliyepata mashine." Na mtaa mzima wakalishika neno hilo. Wapasuaji walipokutana kugawana magogo, Bi Kavu hakuitwa. Akipita, husikia, "Muuza kuni, habari za moshi?"

Siku moja nikiwa nanoa aliniambia, "Babu Tupa, mimi kuni sizionei haya. Zimeniezekea nyumba. Lakini nataka siku moja mtu aingie kwenye lango hili aulize, hapa ndipo kwa mpasua mbao? Aulize hivyo, si vingine."

Nikamwambia itakuja. Mzee akikosa la kusema husema hivyo.

Shuleni palikuwa na mti mkubwa, katikati ya kiwanja cha kupangia foleni. Ulikuwepo kabla ya shule. Ukazeeka, upande mmoja ukafa, na kamati ya wazazi ikaamua ukatwe kabla haujamwangukia mtoto. Ukakatwa ukalazwa. Madarasa mawili yalikuwa yanakaa sakafuni, kwa hiyo mwalimu mkuu akasema mbao zitatengeneza madawati, na atakayepasua atachukua matawi na mabanzi kuwa ujira wake.

Injinia akawa wa kwanza. Alileta lori na winchi, akalipeleka shina kwake, akalipandisha kwenye mashine. Msumeno uliingia hatua moja tu. Wanasema sauti yake ilifika sokoni. Bendi ikakatika, ikaruka kama nyoka, bahati nzuri haikumpata mtu. Kesho yake shina lilirudishwa shuleni, likabwagwa kando ya kisiki chake.

"Mti huu umekula chuma," Injinia aliiambia kamati. "Mti wa uwanjani ni kabati la misumari. Katakateni kuni, mambo yaishe. Na muuza kuni mnaye."

Watu wakacheka. Bi Kavu alikuwa amekaa nyuma na wazazi wengine. Akasimama.

"Nipeni mimi."

"Unaona?" akasema Injinia. "Kuni hizo zimepata mwenyewe."

"Si kuni. Mbao."

Kikalipuka kicheko kikubwa kuliko cha kwanza. Injinia akamtazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomuudhi zaidi, aliniambia baadaye.

"Mama, mashine yangu imeshindwa. Wewe una sahani moja. Ikivunjika utapasulia meno yako?"

"Mashine yako imeshindwa kwa sababu haikuuliza."

"Iulize nini?"

"Iulize chuma kiko wapi."

"Basi sikiliza. Ukitoa hapo ubao mmoja ulionyooka, mmoja tu, nitaubeba begani kutoka kwako mpaka hapa shuleni, mchana kweupe, watu wakiniangalia."

"Andikeni hiyo!" wifi akapiga kelele. "Na muandike abebe na kitambaa cha jasho!"

Katibu wa kamati, mtu asiyejua utani, akaandika kweli.

Hapa inabidi nieleze jambo, maana hata mimi niliyezeeka kwenye unga wa mbao sikuwa nimelifikiria vizuri. Mti ukigongelewa msumari, hauupandishi juu unavyokua. Mti hurefuka kwenye ncha, shina linanenepa tu. Msumari uliogongwa kwenye usawa wa kifua utabaki usawa wa kifua miaka hamsini, ila mti utakuwa umeufunika. Bi Kavu aliligundua hilo kwa shoka. Kuni za miti ya mabomani na uani zilikuwa na misumari, na kila mara ilikuwa mahali ambapo mkono wa mtu unafika. Tena chuma kikikaa ndani ya mti kinauchafua, kinaacha mchirizi mweusi kama wino uliomwagika. Yeye alikuwa amepasua kuni nyingi kiasi kwamba ule weusi aliusoma kama wewe unavyosoma barua.

Kwa hiyo akatangaza: yeyote aliyesoma shule ile, au kupika pale, au kufagia pale, aje Jumamosi asubuhi aonyeshe alipogonga msumari.

Walikuja wengi, nusu kwa kusaidia na nusu kwa kutazama kichekesho. Wakasimama wakilishangaa shina, hakuna aliyeweza kuonyesha mahali. Mti uliosimama kichwani mwao ulikuwa umelala chini.

"Mti umelala," akasema Bi Kavu. "Basi na nyinyi laleni."

Mama mkwe ndiye aliyeanza. Akakunja vazi lake vizuri, akajilaza kwenye nyasi kando ya shina, nyayo zake zikivuka pale mti ulipokatwa kwa kimo cha kisiki, akanyoosha mkono juu ya kichwa.

"Nilikuwa darasa la nne. Tulitundika mifuko yetu hapa. Hapa hapa."

"Mama, ulikuwa mrefu hivyo ukiwa darasa la nne?" wifi akauliza. "Au unajipandisha cheo?"

"Nyamaza wewe. Wakati huo hata baba yako sijamkubali."

Wakamshusha kidogo, Bi Kavu akaweka alama ya mkaa. Baada ya hapo aibu ikawatoka watu. Mpishi wa zamani alilala akaonyesha msumari wa upawa. Mlinzi alilala akaonyesha wa taa. Mtu mmoja mwenye kitambi, muuza duka, alilala akaonyesha pembe nne za ubao wa matangazo, na akahitaji watu wawili kumwinua. Kufika saa sita shina lilikuwa na alama kama mgonjwa wa tetekuwanga, zote kati ya mkono wa mtoto na mkono wa mtu mzima. Juu ya hapo hapakuwa na kitu. Bi Kavu akazungusha mstari wa mkaa.

"Juu ya mstari huu ni salama," akasema. "Hakuna anayefika."

Kumbuka mstari huo.

Kilibaki chuma kimoja. Mama mkwe alisisitiza kwamba kengele ya zamani, rimu ya gari, ilining'inizwa kwa bolti nene kama kidole gumba. Magome hayakuonyesha chochote, na hakuna aliyejua ilikuwa upande gani. Bibi akapandishwa juu ya kisiki. Akafumba macho, akageuka geuka pale juu kama mtu anayetafuta njia ndani ya nyumba yake gizani.

"Asubuhi tukipanga foleni, jua lilitupiga usoni. Na kengele ilikuwa inatutazama." Akafumbua macho, akaonyesha upande jua linakozama. "Foleni ilikuwa kule. Basi kengele ilikuwa upande huu, upande wa kivuli."

Shina lilikuwa na mgongo mmoja ulioinuka, na kisiki kilikuwa na mgongo huo huo. Wakalizungusha shina kwa miti mpaka migongo ikalingana, na upande wa kengele ukajulikana. Bi Kavu hakuleta mashine. Alileta kabari na nyundo, vitu vya kupasulia kuni, akalifungua shina taratibu kufuata nyuzi zake. Likalia, likafunguka kama kitabu. Ndani kulikuwa na ule wino mweusi, na mwisho wa wino bolti, na kwenye bolti pete mbili za mnyororo.

Mama mkwe aliishika mkononi muda mrefu.

"Nilichapwa sana kwa ajili ya hii," akasema. "Kila siku ilinitangulia."

Siku nne walichimba kwa patasi, alama kwa alama. Misumari ilijaza kopo la rangi. Halafu wakalikata shina vipande, wakavibeba kwa mkokoteni mpaka uwanjani kwake, na siku ya kuwasha mashine mimi nilikuwepo, sahani nimeinoa mwenyewe hadi inang'aa.

Alianza na kipande cha juu, kile cha juu ya mstari. Kilicho salama. Injini ikakohoa, ikanguruma, mkanda ukashika. Bi Kavu anasukuma, wifi anavuta upande wa pili, unga unaruka wa rangi ya chai ya maziwa, na harufu yake, sijui niielezeje, harufu ya kitu kilichofungiwa miaka mingi. Ubao wa kwanza ukatoka. Wifi akaanza kigelegele. Ubao wa pili, katikati, cheche zikaruka na sahani ikapiga yowe.

Akazima. Meno matatu yalikuwa hayapo.

"Babu Tupa, niambie ukweli."

Nikaizungusha sahani kwa mkono. "Naweza kushusha meno yote yalingane na yaliyovunjika. Lakini chuma kimekuwa chembamba. Nitafanya mara hii tu. Ikigonga tena, hii utapakulia ugali."

Hakucheka. Alikaa juu ya gogo mikono imejaa unga, na wifi yake, ambaye sikuwahi kumwona akikosa neno, alikosa neno. Halafu Bi Kavu akachukua patasi, akakitoa kile kilichovunja meno: msumari wa bati, na kipande cha waya kimeuzunguka.

Shule haiko mbali, na yowe lile lilisikika. Mwalimu mkuu alikuja mbio, tai imeenda begani. Injinia naye alikuja, hakukimbia, akasimama langoni. Nadhani alikuja kuona moshi.

"Huu ulikuwa juu kabisa," Bi Kavu akamwambia mwalimu. "Hakuna mkono unaofika huko. Labda twiga alisoma kwenu."

Mwalimu mkuu aliutazama ule waya. Akaupokea. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Mtu akisimama mabegani mwa mwenzake," akasema polepole, "anafika."

"Mwalimu?"

"Nilikuwa darasa la sita. Tuliiba fimbo ya mwalimu wa hesabu. Tukaifunga kwa waya juu kule, ikakae na ndege. Aliitafuta mwaka mzima."

Mama mkwe akashika kiuno. "Na Jumamosi ile ulikuwepo, umesimama na kalamu yako, kimya!"

"Mama, mimi ni mwalimu mkuu. Wanafunzi wangu walikuwa wamejaa pale. Na nilijiambia ni msumari mdogo, utakuwa umeoza."

"Na aliyekubeba mabegani?" wifi akauliza, ulimi umemrudia.

Mwalimu aligeuza kichwa kutazama langoni. Sote tukageuka. Injinia alikuwa ameshika sikio lake.

"Ulinikanyaga sikio," akasema.

Tulicheka mpaka mimi nikakaa chini. Bi Kavu peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama Injinia.

"Msumari ulikuwa mmoja?"

Kicheko kikakatika. Pale pale kila mtu aliona jinsi mambo yalivyokaa. Yule mtu angesema "mmoja", ama angesema "sikumbuki", na hakuna ambaye angemlaumu, maana ni miaka mingi. Mashine ingewashwa, sahani ingevunjika, na bega lake lingebaki bila mzigo.

Akaingia ndani ya lango. Akapita katikati ya kuni, akafika kwenye kipande kilichobaki juu ya meza.

"Miwili," akasema. "Wa kwanza ulipinda, huyu akagonga mwingine. Shubiri moja chini yake, kulia."

Bi Kavu akapima shubiri kutoka penye tundu, akachimba. Vidole viwili ndani, weusi ukaanza. Vidole vitatu, msumari uliopinda kama ndoana.

"Ungeweza kunyamaza," akamwambia.

"Ningeweza." Injinia akautazama ule msumari kwenye kiganja cha mama yule. "Lakini mpasuaji havunji sahani ya mpasuaji mwenzake."

Alisema akiwa anaondoka, sidhani kama alijisikia alichosema. Bi Kavu alisikia. Aligeuka haraka akaanza kufunga mkanda ambao ulikuwa umeshafungwa.

Nilinoa mpaka jioni, na kesho yake walipasua. Siku mbili mfululizo, na sahani haikugusa chuma tena. Mbao zikatoka, pana, nyekundu kwa ndani, na pale palipokuwa na misumari pamebaki mistari ya wino mzuri ajabu.

Mnadhani alizipeleka shuleni? Huyu? Alizipanga kivulini, kila safu na vijiti vyake vya kutenganisha, upepo upite. Akapaka rangi kuukuu kwenye ncha zisipasuke, akaweka mawe juu zisijipinde. Muhula ukapita. Mwalimu mkuu akaja.

"Mama, watoto wako sakafuni."

"Hazijakauka. Ukitengeneza dawati la mbao mbichi, baada ya mwezi mtoto anaandika kwenye kilima. Njoo muhula ujao, wiki ya pili."

"Hata mimi unanipangia tarehe?"

"Wewe hasa," mama mkwe akajibu mlangoni. "Mficha fimbo."

Wiki ya pili ya muhula uliofuata, siku ya Jumatatu, Bi Kavu alichukua mbao mbili, akazigonganisha karibu na sikio. Kang'. Fundi seremala wa shule akainua ubao mmoja, akafumba jicho, akatazama ukingoni kutoka ncha hadi ncha. Akageuza. Akatazama tena. Akachukua wa pili, wa tatu, wa saba.

"Huu haujapinda," akasema, kama mtu aliyeibiwa kazi ya kulalamika. "Hata huu. Hakuna uliopinda."

Hakuna aliyemwita Injinia. Alikuja mwenyewe, gunia limekunjwa begani tayari. Akauchagua ubao mrefu kuliko yote, akajitwisha.

"Polepole, shemeji," wifi akamwambia. "Ubao umekataa kupinda, usije ukapinda wewe."

"Nilishabeba mwalimu mkuu," akasema. "Huu ni mwepesi."

Mimi nilifuata nyuma na begi langu, kwa hiyo niliona yote. Watu walitoka madukani. Muuza duka mwenye kitambi alipiga makofi. Walipopita mtaa wa mbao injini zilizimwa moja baada ya moja, wapasuaji wakasimama milangoni, vumbi vichwani. Mmoja akapaza sauti:

"Injinia! Mbao kama hiyo umeitoa wapi?"

Angeweza kupita tu. Alisimama, akahamisha ubao bega la pili ili uso wake uonekane.

"Kwa mpasua mbao wa njia ya shule," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa mtaa. "Mashine yangu na kalamu yangu havikuweza. Yeye ameweza."

Bi Kavu alikuwa hatua tano nyuma yake, amebeba ubao wake mwenyewe. Sikuona uso wake, niliona mgongo, na mgongo ule ulikuwa umenyooka kuliko ubao. Shuleni watoto walipiga kelele mpaka mwalimu mkuu akashindwa kuhutubia. Mama mkwe alikuwa ametangulia kwa mkokoteni, akaitoa ile bolti kwenye pindo la nguo, na fundi akaigonga ukutani, wakatundika rimu kuukuu ya gari iwe kengele. Bibi ndiye aliyeipiga. Kwa mara ya kwanza maishani, alisema, ameiwahi.

Kesho yake nilipitia uwanjani kuaga, nilikuwa na safari ya misumeno ya mbali. Mwanamume mmoja mgeni, penseli iko sikioni, aliingia langoni akipita mafungu ya kuni bila kuyatazama.

"Samahani mama. Hapa ndipo kwa mpasua mbao?"

Bi Kavu aliweka shoka chini. Akanitazama mimi kwanza, halafu akamtazama yeye, akajifuta mikono kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo.

"Ndipo," akasema. "Lakini mbao zilizopo sasa bado hazijakauka. Njoo Alhamisi ya wiki ijayo."